Ukiitwa Mtu wa Bosi: Jinsi ya Kujijengea Heshima Kazini

Kama umepata kazi mahali ambapo mjomba, shemeji, rafiki ya baba au mchumba wako tayari ana kiti, jua kwamba ulijadiliwa kabla hujaonyeshwa meza. Huwezi kulizuia hilo, na ukijaribu utamaliza nguvu zako bure. Unachoweza ni kuamua watu watakuwa na lipi la kusema mwaka mmoja baadaye.

Naandika nikiwa Nakuru, Kenya. Nyumbani ni Kakamega, lakini kazi yangu yote nimeifanya katika chama cha akiba na mikopo (Sacco), nikianza kama karani wa kaunta mpaka sasa ninaposimamia dawati la mikopo. Nilipoajiriwa, meneja wa tawi alikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama toka nitoke. Usaili niliufanya mbele ya watu wa makao makuu na yeye hakuwamo chumbani, ila nani angeamini? Hata askari wa mlangoni alikuwa akiniita mtoto wa meneja.

Ninaloamini baada ya kuyapitia hayo ni hili: wafanyakazi wenzako hawana ugomvi na undugu wako. Kila mmoja ana ndugu. Kinachowasumbua ni kutojua undugu huo unaishia wapi. Waonyeshe mpaka wake, uuheshimu hata wasipokutazama, na wengi watakuacha ufanye kazi.

Sema mwenyewe, tena kwa maandishi

Wiki ya kwanza, andika barua fupi kwa ofisi ya wafanyakazi na nakala kwa msimamizi wako. Haihitaji maneno mengi: “Meneja wa tawi ni mjomba wangu, kaka ya mama. Naomba tathmini yangu ya kazi, likizo yangu, mikopo yangu na jambo lolote la nidhamu linalonihusu vishughulikiwe na mtu mwingine.” Igongewe muhuri wa kupokelewa, na nakala yako uitunze nyumbani.

Mambo hayo manne nimeyachagua kwa sababu ndiyo yanayozaa maneno. Tathmini ndiyo inayopandisha mshahara. Likizo ndiyo inayomfanya mwenzako aliyenyimwa Desemba ahesabu nani aliyepewa. Mkopo, hasa katika Sacco, ndio hatari kuliko yote, maana mfanyakazi naye ni mwanachama na hukopa kama wengine, na saini ya mjomba kwenye fomu yako inatosha kulichafua faili hata kama kila hesabu ni halali. Nidhamu ndiyo watakayoitazama siku ukichelewa.

Kama ni ofisi ya serikali, ya kaunti au ya taifa, jambo hili si la hiari. Sheria ya Mgongano wa Maslahi ya mwaka 2025, iliyochukua nafasi ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003, inakataza upendeleo, na inamtaka afisa aepuke kila hali ambapo maslahi yake yanagongana na kazi yake. Kwa hiyo barua yako inamlinda na ndugu yako pia. Mwonyeshe kabla ya kuipeleka, kwa heshima, ili asidhani unamkana.

Kwa wenzako huna haja ya kutangaza. Ukiulizwa, jibu palepale na kwa ufupi: “Ndiyo, ni mjomba. Mambo yangu yanapitia kwa naibu wake.” Kisha endelea na kazi. Anayejieleza sana huacha watu wakijiuliza amebakiza nini.

Gari, mlango na meza ya nyumbani

Panda matatu. Najua mvua ya Nakuru ya Aprili, na najua uchungu wa kuacha kiti kitupu kwenye gari linalokwenda palepale unapokwenda. Lakini ukishuka kwenye gari la meneja kila asubuhi, mbele ya watu waliobanana kwenye matatu kutoka Free Area, Pipeline na Rhonda, hakuna barua itakayokusaidia. Siku za kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, mnapotoka usiku, kubali kubebwa iwapo na wenzako wa upande huohuo wanabebwa.

Ofisini yeye ni meneja. “Mjomba” libaki nyumbani. Usiingie kwake bila kuitwa, mafaili yako yapitie kwa katibu kama ya wengine, na ukiitwa uache mlango wazi isipokuwa mwenyewe akuambie ufunge.

Hayo ni rahisi. Kigumu, na ambacho wengi hawakifikirii, ni habari.

Jumapili uko kwa mjomba, ugali na kuku mezani, naye anataja bila kufikiri kwamba karani fulani atahamishiwa Molo mwezi ujao. Jumatatu karani huyo anakwambia amepata nyumba mpya Section 58 na analipa kodi ya miezi mitatu. Ukimwambia, umemsaliti mjomba. Ukinyamaza, siku barua ya uhamisho itakapotoka atakumbuka ulivyotazama chini. Hakuna jibu zuri ukishajua. Dawa ni kutojua.

Sasa, mtoto wa dada hawezi kumfunga mdomo kaka ya mama yake. Kwetu hilo halisemeki. Mimi nilipitia kwa mkazamjomba. Nilimweleza jikoni, tukiwa wawili, kwamba mazungumzo ya ofisini yakija mezani nikiwapo yananiweka pabaya, nikamwomba aniombee. Mjomba hakunitajia neno, lakini tangu siku hiyo tukikutana tunazungumza mahindi, shule za watoto na AFC Leopards. Kama huna mtu kama huyo, inuka ukasaidie jikoni kila habari za kazi zinapoanza. Ataelewa.

Na upande wa pili ni uleule. Usipeleke ya ofisini nyumbani. Ukimlalamikia mwenzako kwenye meza ya mjomba, mwenzako huyo amehukumiwa bila kuitwa, hata kama mjomba ni mtu wa haki, kwa sababu kesho atamwangalia kwa jicho lililokwisha kusikia upande mmoja. Lako la kusema liseme kazini, kupitia kwa msimamizi wako, au uliache.

Wenzako watakupima kwa hili. Mtu atakuambia jambo makusudi aone kama litafika juu. Likitulia kwako, yeye mwenyewe atawaambia wengine. Wengine watakutuma: “Dada, hebu mwambie mzee anifikirie likizo.” Mjibu kwa upole kwamba hata wewe hujaza fomu, kisha msaidie kuijaza yake vizuri. Msaada wa fomu unakubalika, na hukumbukwa.

Kazi ifunguke kwa yeyote

Hapa ndipo heshima inapopatikana hasa, na hapa ndipo wengi wenye ndugu ofisini hulegea, wakidhani tabia njema inatosha. Mtu anaweza kukupenda sana na bado asiamini kazi yako. Lengo lako liwe kwamba yeyote akilichukua faili lako ukiwa likizoni, ataona ulichofanya na kwa nini.

Ukiwa kaunta, hesabu droo ya pesa jioni mbele ya mtu, kila siku, hata siku ambazo hakuna aliyeagiza. Pesa ikipungua, iandike. Ikizidi, iandike vilevile na kwa uzito uleule. Karani anayeripoti upungufu lakini ziada anaiweka kando “isaidie kesho” anajichimbia shimo, maana mkaguzi wa ndani hutazama vyote viwili.

Ukifika kwenye mikopo, jifunze kuandika sababu. Mwanachama ni mkulima wa viazi kutoka Molo na anaomba mara tatu ya akiba yake, kiwango ambacho Sacco nyingi hukitumia. Usiishie kuandika “anastahili” au “hastahili.” Andika kwamba pesa yake huja wakati wa mavuno na si kila mwezi, kwamba taarifa yake ya M-Pesa inaonyesha miezi mikavu, kwamba mdhamini wa pili amekwisha kudhamini wengine na akiba yake iliyobaki haitoshi, na kwamba ulimpigia simu tarehe fulani akakiri. Sentensi tatu nne. Kamati ya mikopo ikipunguza au ikikataa, kila mtu anaona njia uliyopita. Na mwanachama akija kulalamika kwamba amenyimwa kwa sababu si wa kabila fulani, unalifungua faili mbele yake.

Faili la ndugu yako usiliguse. Watakuja. Ukiwa na kazi kwenye Sacco, hata watu wa ukoo wasiokujua sura watapanda gari kutoka Kakamega au Vihiga wakiamini mambo yamekwisha. Wapokee vizuri, wanunulie chai, halafu wapeleke kwa mwenzako na useme mbele yake, “Huyu ni binamu yangu, mhudumie kama mwanachama yeyote.” Baada ya hapo usiulize limefikia wapi. Hata kwa jicho usiulize.

Na soma. Soma sheria ndogo za chama chenu, soma maagizo yanayotoka kwa SASRA, mamlaka inayosimamia Sacco, uwe mtu anayeulizwa. Kama uko kwenye hesabu, fanya CPA, mtihani wa uhasibu. Mtihani ule husimamiwa na KASNEB na hakuna mjomba anayeweza kukufanyia. Usipojua jambo, sema hujui na utaje saa utakayoleta jibu, kisha ulilete saa hiyo.

Kuna mtu mmoja usimsahau, yule mama au mzee aliyekaa hapo miaka mingi kuliko meneja mwenyewe, labda hana digrii, na amewaona vijana wenye ndugu wakija na kupandishwa wakimpita. Ana haki ya kuwa na kinyongo. Msalimu wewe kwanza. Mwombe akufundishe, na anapokufundisha andika. Aliyenifundisha kutambua saini ya kughushi alikuwa mama wa kaunta ya pili, na kila ninapoisaidia ofisi kwa ujuzi huo husema nilikoupata, na yeye akiwepo husema kwa sauti.

Lugha

Nakuru ilikuzwa na reli, na tangu hapo imekuwa mji wa watu wa kila upande. Ofisi moja inaweza kuwa na Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya na Mkisii kwenye meza zinazogusana. Na baada ya ghasia za uchaguzi zilizotupata kati ya Desemba 2007 na Februari 2008, watu hapa wana sikio jepesi. Bunge lenyewe lilitunga sheria ya utangamano wa kitaifa mwaka 2008 inayokataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja.

Kwa hiyo, ukizungumza na ndugu yako ofisini, zungumza Kiswahili, hata mkiwa wawili tu. Nilipohamishiwa Kisumu kwa muda nilijifunza uzito wa jambo hili nikiwa upande wa pili. Wenzangu walikuwa watu wema sana, walinipeleka kula samaki Lwang'ni, lakini mkutano ulipoteleza kuingia Kijaluo nilibaki nikihesabu vigae vya ukutani. Hawakuwa na nia mbaya. Bado nilitoka bila kujua kilichoamuliwa.

Mzee akija kaunta naye anajua Kiluhya pekee, mhudumie kwa Kiluhya, hiyo ndiyo kazi. Ukimaliza, mwambie mwenzako wa karibu kwa Kiswahili mzee alitaka nini. Ni maneno machache, na yanamwondolea mwenzako wasiwasi wote.

Pesa, michango na matanga

Jiunge na merigoraundi (kikundi cha kuchangiana pesa kwa zamu) ya wenzako wa ngazi yako, lakini usiwe mweka hazina. Usiwakopeshe wafanyakazi wenzako pesa zako kama wewe ndiwe unayeshika mafaili yao ya mkopo. Kwenye mchango toa kiasi walichotoa wenzako. Bahasha nene itasemwa kwamba ni ya meneja.

Matanga nenda. Mwenzako akifiwa Siaya, Bungoma au Vihiga, panda gari lile lile la kukodi, vaa viatu vya tope, na ukifika shika sufuria pamoja na wanawake wa boma. Sisi watu wa magharibi tunakumbuka nani alifika. Hilo si jambo la kufanya kwa hesabu ya kujipendekeza, na ukilifanya hivyo litaonekana. Nenda kwa sababu mtu unayekaa naye kutwa amezika mama yake.

Kwenye kikundi cha WhatsApp cha ofisi, pole, hongera na taarifa za kazi zinatosha. Usitaje salio wala deni la mwanachama, hata kwa utani bila jina. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakuhusu, na mji huu si mkubwa kiasi hicho ingawa ulipewa hadhi ya jiji Desemba 2021.

Mapenzi, na yasiyo mapenzi

Watu hukutana kazini na kuoana, na ndoa nyingi nzuri ninazozijua zilianzia kwenye foleni ya chai ya saa nne. Likiwa jambo la watu wawili walio sawa, lisemeni kwa ofisi ya wafanyakazi linapokuwa la kweli, kabla ya kadi za harusi. Mmoja akiwa anamsimamia mwenzake, usimamizi huo ukome mara moja. Na nasema hili kwa nguvu: anayepaswa kuhama au kuacha mamlaka ni mwenye cheo. Mara nyingi sana huhamishwa binti, tena mbali, halafu watu wanaliita suluhisho.

Liko jambo lingine linalovaa nguo za mapenzi. Bosi akikuahidi kazi, cheo au mkataba mpya ili ukubali, au akitishia kukuharibia ukikataa, hilo ni dhuluma ya kingono chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007. Maneno machafu, picha chafu na kushikwa usikotaka ni sehemu yake. Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi analazimika na sheria hiyo kuwa na sera ya maandishi kuhusu jambo hili. Iombe uisome hata kama huna tatizo lolote. Likikupata, andika usiku huohuo tarehe, saa, mahali, maneno yaliyosemwa na aliyekuwa karibu. Tunza jumbe, usifute hata zinazokuchefua. Mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyohiyo, kisha ripoti kwa maandishi.

Kuna na tusi ambalo wanawake wengi tumelisikia: binti akipandishwa cheo, swali la kwanza ni analala na nani. Sikushauri ubadilishe mavazi wala uache kusalimia wanaume ili kuwaridhisha wanaosema hivyo. Ushauri wangu hapo nauelekeza kwa mameneja. Mnapompandisha mtu, tangazeni nafasi kabla, tajeni sifa zinazohitajika, na baadaye elezeni kwa nini aliyechaguliwa alichaguliwa. Mkikaa kimya, mnamwachia yeye mzigo wa kujitetea kwa jambo mlilolifanya ninyi.

Uvumi ukikufikia

Usijibu kikundini. Usimtume mtu. Mwendee anayesemekana kusema, mkiwa wawili, saa ambayo hana foleni, na useme jambo moja: “Nimesikia kuna shaka kuhusu mkopo fulani niliouandaa. Sijaja kuuliza neno lilianzia wapi. Faili hili hapa, tulitazame pamoja.” Mara nyingi hapo panatosha, na wakati mwingine ataona kitu kweli ambacho wewe hukukiona, umshukuru. Uvumi ukirudi na unagusa uaminifu wako wa pesa, mwandikie msimamizi wako barua ukiomba mkaguzi wa ndani apitie mafaili hayo. Ombi la kukaguliwa likitoka kwako mwenyewe huwa na nguvu kuliko kujitetea kokote.

Siku ndugu yako atakapoondoka

Atastaafu, atahamishwa, au ataondoka vibaya. Jiandae kwa hilo tangu mapema. Meneja mpya ataambiwa habari zako kabla hajapata funguo za sefu, kwa hiyo mpelekee kazi ndani ya siku za kwanza: orodha ya mikopo unayoishughulikia, inayochelewa kulipwa na kwa nini, na mafaili uliyokataa kuyashika kwa sababu ya undugu pamoja na jina la aliyeyashika. Usimsifu wala kumsema mjomba. Ukiulizwa habari zake, jibu kuhusu kazi.

Ukihisi unasukumwa utoke, fahamu haki zako. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri, kabla ya kukuachisha kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, akueleze sababu kwa lugha unayoielewa na akusikilize, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi uliyemchagua. Usiende peke yako kwenye kikao hicho. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ina vituo Nakuru na Kisumu, na dai la kawaida la ajira lina muda wa miaka 3.

Na ukiamua kuondoka mwenyewe, dai cheti cha utumishi. Kifungu cha 51 kinakupa haki hiyo ikiwa umefanya kazi angalau wiki 4 mfululizo, na mwajiri hawezi kukunyima kwa hasira. Cheti hicho hutaja kazi uliyofanya na tarehe, hakisemi ulikuwa mtu wa namna gani. Kwa hilo mwombe msimamizi ambaye si ndugu yako, akiwa bado yuko ofisini, akuandikie barua kwenye karatasi yenye nembo na aeleze kazi ulizozifanya chini yake, maana akishahama au kustaafu utamtafuta kwa simu miezi mizima.